Wali Kwanza, Samaki Baadaye

Hannover, 8 Januari 1967

Dada yangu Ginesa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii, ambayo ukitoka nje na nywele mbichi unarudi nazo zimekuwa ngumu kama fagio. Mwili wangu mzima, kikohozi kimeniachia. Natumaini nawe umeuanza mwaka salama, na Mzee Ceferino mkweo miguu haimsumbui sana, na wale paka bado wanajua mlango wa jikoni kwako uko wapi.

Nadhani telegramu yangu ya Novemba ilifika. Kuhusu mazishi ya shemeji Onofre nilishakueleza, kiwandani hawakunipa ruhusa. Novemba ndipo tunapopakia biskuti za Krismasi, na Wajerumani hula biskuti kama watu walioambiwa kesho zitapigwa marufuku. Nanuka sukari mpaka kwenye shuka. Telegramu yako ilisema "moyo" tu. Sikujua kama shemeji alikuwa na moyo mbovu. Ukipata nafasi niandikie ilikuwaje.

Zile pilipili za nyora ulizonitumia zilifika zikiwa kavu na nzima, nikazining'iniza dirishani, na mama mwenye nyumba akaniuliza kama ni mapambo. Jumapili iliyopita nikapika kaldero, wali wa mchuzi wa samaki kama wa nyumbani. Usicheke. Sufuria ni ya bati, samaki ni yule mweupe wa huku asiye na ladha wala haya, lakini nyora nilizikaanga mpaka zikageuka rangi ya matofali, nikazitwanga na kitunguu saumu kama mama alivyotufundisha, na nyumba nzima ikanuka kama kwetu Cabo de Palos. Nikamwalika Dieter, yule msimamizi wetu mwenye masharubu, maana alinisaidia kubeba makaa. Nikampa wali na sosi yake ya kitunguu saumu. Akala, akafuta sahani, akasimama, akanishika mkono kwa heshima zote, akavaa koti na kuondoka. Mimi natoka jikoni na samaki mkononi, kiti kitupu. Kumbe alidhani chakula kimekwisha. Tulicheka na wasichana wa chumba cha pili mpaka mbavu zikauma. Hebu fikiria, mtu anaondoka kabla samaki hajafika.

Ningependa kukusikia ukicheka nawe.

Mdogo wako,
Caridad


Cabo de Palos, 2 Machi 1967

Caridad,

Salamu zimefika. Sisi tupo. Milozi imechanua na upepo umeshayapukutisha maua yote. Mzee Ceferino anatembea mpaka ukutani na kurudi. Masikio yamezidi kuziba, sasa nampigia meza aangalie. Paka wapo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, nikaiweka nyuma ya saa ya ukutani.

Mgahawa nimeufungua tena tangu wiki ya pili baada ya mazishi. Watu walisema ni mapema. Sikuona tofauti ya mapema na baadaye. Nawasha moto, natundika sufuria ya chuma ya mama, napika. Sionji. Mkono unajua wenyewe. Wateja wanamaliza sahani zao na kusema asante, na hakuna hata mmoja aliyelalamika tangu Novemba. Zamani walikuwa wakilalamika kila siku. Bahari Ndogo haijatoa samaki wengi, ila mikizi wapo.

Encarna, yule jirani wa upande wa mnara wa taa, aliniuliza kama nalala. Nalala vizuri. Nalala kama gunia.

Umeuliza kuhusu moyo. Ni moyo.

Nimekutumia nyora nyingine. Usiziweke dirishani, jua la huko ni dogo lakini unyevu ni mwingi.

Ginesa


Hannover, 9 Aprili 1967

Dada yangu,

Habari za Pasaka? Huku ilinyesha theluji siku ya Jumatatu ya Pasaka, watoto wakatafuta mayai wakiwa na glavu. Mimi sijambo. Nimehamishiwa kwenye mashine ya kufunga maboksi, naketi, kwa hiyo miguu imepumzika na sasa ni zamu ya mgongo kuuma.

Isidoro wa kwa wavuta nyavu amerudi kutoka likizo huko nyumbani. Ameniletea nyora zako na soseji, na maneno pia, maana Isidoro hawezi kubeba mzigo bila maneno. Tulikaa naye kwenye ngazi, akawa anavuta sigara na kutazama viatu vyake.

"Dada yako amekonda," akaniambia.

"Hilo nalijua. Lingine?"

"Lingine halinihusu."

"Isidoro, umenilia nusu ya soseji njiani, angalau nilipe kwa maneno."

Ndipo akasema. Anasema unapakua kaldero kwenye sahani moja. Wali chini, samaki juu yake, vyote kwa pamoja. Anasema siku ya kwanza wavuvi walitazamana, halafu kila mmoja akainamisha kichwa na kula, na hakuna aliyethubutu kusema neno kwa sababu umevaa nyeusi. "Tulikula kama tuko kanisani," alisema. "Mpaka mwenyekiti wetu wa wavuvi, Fulgencio, ambaye huwa anagombana na kila mpishi, alisema ni kitamu. Sote tunasema ni kitamu."

Dada, wewe ndiye uliyemfukuza yule mwanasheria wa Madrid aliyeomba aletewe vyote kwa pamoja. Ulimwambia wali ukikaa na samaki unalia machozi na samaki anakauka kwa hasira, aende akale hotelini. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba mkate. Sasa umeanza kuwapikia watu wa Madrid? Mama angesikia angetoka kaburini na mwiko.

Natania. Lakini niambie ni kweli au Isidoro anapamba.

Caridad


Cabo de Palos, 24 Aprili 1967

Caridad,

Sisi wazima.

Ni kweli. Sahani moja inaosheka haraka kuliko mbili. Niko peke yangu jikoni.

Isidoro alikula sahani tatu akiwa hapa. Mwambie hivyo.

Mzee Ceferino kila akimaliza kula anagonga uma mezani na kuniuliza, "Samaki yuko wapi?" Namwonyesha miiba aliyoitema, namwambia umeshamla, baba. Ananitazama. Kesho yake anauliza tena. Naye simlaumu, ni mzee.

Usiniandikie habari za mama na mwiko.

Ginesa


Hannover, 14 Mei 1967

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa adabu leo, bila mbwembwe. Nimekula, nimelala, nimekwenda misa ya Wahispania, padri alihubiri muda mrefu. Mama mwenye nyumba amenikataza kukaanga kitunguu saumu baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo nakaanga saa moja na nusu.

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Nisamehe kwa utani. Nilidhani ukikasirika angalau utaandika ukurasa mzima.

Nimekuwa nikifikiri. Mwezi wa kwanza nilikuandikia kisa cha Dieter aliyeondoka kabla ya samaki. Wewe hucheka hata ukisoma tangazo la mazishi la mtu usiyempenda. Miaka yote niliyo huku hujawahi kuniacha na kichekesho bila kunirudishia kingine. Safari hii ukakaa kimya karibu miezi miwili, halafu ukaniandikia habari za milozi. Sikukuelewa. Sasa nimeanza kuelewa, na ninachokielewa sikipendi.

Ginesa, shemeji Onofre alikufa wapi? Nilikuwa nikimwona baharini, kwenye mashua, mkono kifuani. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijitungia mwenyewe. Niambie alikuwa wapi. Niambie alikuwa anafanya nini.

Usiponijibu sitauliza tena.

Caridad


Cabo de Palos, 11 Juni 1967

Mdogo wangu,

Salamu. Joto limeanza. Mzee Ceferino mzima. Nimepaka chokaa ukuta wa nje.

Nitaandika mara moja, halafu tusirudie.

Ilikuwa Jumapili. Onofre hakwenda baharini, alikwenda alfajiri kuzitazama nyavu tu, akarudi na mikizi wawili na yule samaki mwekundu wa miiba. Mgahawa nilikuwa nimeufunga. Tulikuwa watatu, yeye, baba yake na mimi. Meza ile ya dirishani. Nilipika kama kawaida. Tulikula wali. Alifuta sahani kwa mkate, akasema, "Wali wa leo umekaa sawasawa. Lete samaki, mama, kabla mzee hajasinzia."

Nikaenda jikoni. Sikukawia. Niliwapanga samaki kwenye sahani kubwa, nikawamwagia mchuzi kidogo, nikakata limau. Niliporudi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani tupu, uma bado mkononi. Nilidhani anamtania baba yake, unajua walivyokuwa wakiigana usingizi. Niliweka samaki mbele yake nikasema, "Acha mchezo wako, samaki anapoa." Nikasema tena. Mzee Ceferino hasikii, yeye alikuwa ameshajipakulia na anatoa miiba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Daktari alisema moyo. Samaki niliwapa paka.

Sijalia, Caridad. Si kwamba najizuia. Nakaa nikisubiri kilio kama mtu anayesubiri kupiga chafya, hakiji. Na ulimi wangu umekufa siku ileile. Chumvi, kahawa, limau, vyote ni maji. Ndiyo maana sionji, hakuna cha kuonja. Sijamwambia mtu.

Kila kitu kikiwa kwenye sahani moja, sina cha kurudi kuchukua jikoni. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Juzi Fulgencio alikuja, kofia mkononi, akakaa kwenye ngazi. Tarehe kumi na sita Julai ni sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli, msimamizi wa wavuvi, na kaldero ya wavuvi tunapika sisi tangu bibi. Alizunguka sana, akaongelea bei ya mafuta, akaongelea goti lake. Mwisho akasema, "Ginesa, mwaka huu ukitaka kupumzika, Encarna yuko tayari." Nikamwuliza kama chakula changu ni kibaya. Akasema hapana, ni kitamu sana. Nikamwambia, "Fulgencio, nitazame usoni useme hivyo." Akatazama goti lake.

Wanataka wali wao kwanza na samaki wao baadaye, siku ya Bikira, kama wanaume wa miaka yote. Wana haki. Na desturi unaijua, aliyepika ndiye anayebeba samaki mpaka mezani, hampi mtu mwingine. Nikimwachia Encarna sufuria mwaka huu haitarudi. Sijaamua. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Nawe nijibu jambo moja. Isidoro alipokuwa hapa alisema kiwandani kwenu mtu akifiwa hupewa ruhusa, hata yeye alipewa alipofiwa na shangazi. Hakujua ananiambia nini. Sasa nauliza.

Ginesa


Hannover, 25 Juni 1967

Dada,

Sina habari za kuanzia leo. Mimi mzima.

Ruhusa nilipewa. Nilinunua tiketi, nikafunga sanduku, nikakaa kituoni kwenye benchi. Treni ikaja, watu wakapanda, nami nikaitazama kama mtu anayetazama treni. Ikaondoka. Nikarudi chumbani, na kesho yake nikaenda kupakia biskuti. Dieter akaniuliza mbona sijasafiri, nikasema nimekosea tarehe.

Nilijua nikifika utanipikia. Hata kama uko msibani ungenipikia, usingeweza kujizuia. Ungeniweka meza ya dirishani na kile kiti kingekuwa wazi mbele yangu. Nikiwa huku shemeji bado yupo. Nikiamka namhesabu: Ginesa jikoni, Onofre dirishani, mzee anasinzia. Nilikataa kuja ili asife. Ni upumbavu, nami nimeuishi miezi saba. Nilikuchekesha kwa barua nikiwa sina kicheko hata kidogo.

Sitakuambia usiogope kubeba ile sahani. Ningekuwa mimi ningeitupa baharini. Lakini sufuria usimwachie Encarna. Anatia kitunguu maji kwenye kaldero, wewe mwenyewe ulimwona.

Tarehe kumi na sita ni Jumapili, sifanyi kazi. Nitapika hapa saa ileile yenu. Nimemwalika Dieter tena, na safari hii nimemwambia asithubutu kusimama. Wewe ukiwa unabeba wa kwako, mimi nitakuwa natoka jikoni na wa kwangu. Zaidi ya hapo sina cha kukupa kwa umbali huu.

Agosti kiwanda kinafungwa wiki mbili. Siahidi kitu. Nishajijua kwenye vituo vya treni.

Caridad


Cabo de Palos, 18 Julai 1967

Mdogo wangu Caridad,

Salamu nyingi. Mzima mimi. Mzee Ceferino mzima, utaona.

Nilimwambia Fulgencio nitapika. Akasema vizuri, akajikwaa kwenye ngazi akiondoka.

Mashua ziliipeleka sanamu ya Bikira baharini asubuhi, zikairudisha na maua yake yamelowa. Tulitundika sufuria mchangani nyuma ya ukuta wa banda la mnada, kwa ajili ya upepo. Wanaume walikaa ndani ya banda kwenye meza ndefu za mbao. Kutoka kwenye moto huwezi kuwaona, unawasikia tu. Nilikaanga nyora kwa macho, nikapima mchele kwa kikombe cha mama, chumvi nikatia kwa mkono maana ulimi haukuwa na msaada. Samaki wakaiva, nikawatoa. Wali ukaiva, ukapumzika chini ya kitambaa. Encarna na wenzake wakaupeleka.

Nikabaki na samaki. Niliwapanga. Nikawamwagia mchuzi. Nikakata limau. Na huko ndani, Caridad, kelele zikakatika. Wali ukiwa mzuri wanaume hunyamaza, nalijua hilo maisha yangu yote, tulikuwa tukilisubiri mimi na mama na kukonyezana. Juzi ule ukimya ulinirudisha kwenye meza ya dirishani. Sikusikia hata uma. Encarna akarudi na sahani tupu, akanitazama, akanyoosha mikono.

"Nipe nikubebee, Ginesa. Hakuna atakayesema kitu."

"Aliyepika ndiye anayebeba."

"Najua. Nimesema tu."

Nikakumbuka kwamba saa ileile nawe unatoka jikoni kwako. Nikaubeba mzigo nikazunguka ukuta.

Walikuwa hai wote. Fulgencio alikuwa anafuta sahani kwa mkate, wengine wanagombania sosi. Lakini nilikuwa nimemweka Mzee Ceferino mwisho wa meza, karibu na mlango, naye alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani tupu, uma mkononi. Nilisimama. Watu wakaniona nimesimama, wakamtazama mzee, na hapo kweli wakanyamaza. Isidoro hakukosea, ilikuwa kama kanisani.

Nikaenda. Sijui nani alinipeleka. Nikaweka samaki mbele yake nikasema, kwa sauti ambayo asingeweza kuisikia hata angekuwa macho, "Baba, samaki anapoa."

Akainua kichwa. Labda ni harufu. Akatazama sahani, akanitazama mimi.

"Ndiyo unamleta sasa?" akasema. "Tangu Novemba namsubiri."

Akachukua mkizi, akatoa mwiba, akala. Akatafuna polepole. Banda zima likimsubiri. Halafu akasukuma sahani kidogo akasema kwa sauti yake ya kiziwi inayofika mpaka kwenye mnara, "Chumvi imezidi."

Fulgencio akamkanyaga mguu chini ya meza. Haikusaidia, mzee akarudia. Mimi nikamega kipande kutoka kwenye sahani yake nikatia mdomoni. Ilikuwa imezidi. Imezidi vibaya, Caridad, kama maji ya bahari, mpaka macho yakaniwasha. Nikasema, "Kweli imezidi, baba." Nikakaa kwenye benchi kando yake nikalia mbele ya wavuvi wote, kwa sauti, kama mtoto. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mzee Ceferino hakusikia chochote, aliendelea kula, na mkono wake wa kushoto akauweka juu ya goti langu akauacha hapo.

Wanasema ni kaldero yenye chumvi kuliko zote tangu sikukuu ianze. Sasa wanasema. Fulgencio amelalamika siku mbili mfululizo.

Kiti cha Onofre kipo dirishani, sijakihamisha. Ni kiti kitupu, mdogo wangu, hakifanyi kitu zaidi ya hicho. Panda treni uje ukione. Chumvi nitapunguza.

Dada yako,
Ginesa